Uhuru wa Mshairi: Wimbo wa Kupinga Mbele ya Sheria

Nilipokuwa nikisahihisha karatasi ya tatu ya mtihani wa majaribio katika shule moja hapa Donholm, nilikutana na jibu lililonifanya niweke kalamu chini. Swali liliwataka watahiniwa waeleze jinsi mshairi alivyoutumia uhuru wake. Jibu linalotarajiwa linajulikana: inkisari, mazda, tabdila, kuboronga sarufi, utohozi, pamoja na mifano mwafaka kutoka katika shairi. Mtahiniwa huyu aliandika kwamba mshairi aliutumia uhuru wake kwa kuwakemea wakubwa bila woga, kwa kuwa Katiba inamruhusu. Nilimpa sifuri, na kwa mujibu wa mwongozo wa kusahihisha sikumdhulumu. Aliporudishiwa karatasi yake alinijia mezani akaniuliza, "Kwani mwalimu, mshairi ana uhuru wa kukata silabi tu?"

Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo. Yanaangalia jinsi kazi ya sanaa inayopinga dhuluma inavyokutana na sheria nchini Kenya, na yale ambayo mwalimu na mtahiniwa wa Fasihi wanaweza kujifunza kutokana na makutano hayo.

Wimbo wa kupinga

Katika Fasihi Simulizi, wimbo wa kupinga huwekwa katika kundi la nyimbo za siasa. Sifa zake si ngeni kwetu. Nafsi-neni mara nyingi huwa ya wingi, yaani "sisi" tulioonewa. Maswali ya balagha hutumiwa kuwachoma wenye mamlaka. Kejeli na tashtiti hutawala, na kibwagizo huwarahisishia wengi kuimba pamoja. Dhamira yake huwa ni kuzindua.

Kila mara tunawaonya watahiniwa wasichanganye nafsi-neni na mtunzi. Mtunzi anaweza kuvaa sauti ya mlevi, mfungwa au mtawala bila yeye mwenyewe kuwa hivyo. Onyo hilo ni sahihi darasani. Hata hivyo, kinga hiyo ina mipaka. Sheria haiishii kwa nafsi-neni, bali humtafuta aliyetunga na aliyesambaza. Ndiposa ni vyema tuzijue njia tatu ambazo kwazo sheria humfikia msanii: uchochezi, kashfa na chuki.

Njia ya kwanza: uchochezi

Mfano ulio karibu zaidi na somo letu ni Abdilatif Abdalla. Mwaka wa 1968, akiwa kijana wa miaka 22 mjini Mombasa, aliandika kijikaratasi kiitwacho Kenya: Twendapi? kilichoikosoa serikali ya wakati huo. Alishtakiwa kwa uchochezi na kifungo chake kikawa cha miaka mitatu. Akiwa gerezani alitunga mashairi kwa siri, mengine akiyaandika kwenye karatasi za msalani. Mashairi hayo yalichapishwa mwaka wa 1973 kama diwani ya Sauti ya Dhiki. Mwaka wa 1974 diwani hiyo ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi.

Mtahiniwa na atambue tofauti ya kimtindo hapa. Kijikaratasi kilisema wazi na kikamfungisha mwandishi. Diwani ilifunika. Katika "Mnazi: Vuta N'kuvute", wahusika wawili, Alii na Badi, wanagombania mnazi. Wasomi wengi huusoma mnazi huo kama nchi, na ugomvi huo kama mgogoro wa nani mwenye haki ya kula matunda yake. Katika "Mamba", mnyama anayetisha huweza kusomwa kama mtawala anayejidhania wa milele. Hapa jazanda inafanya kazi mbili: kuipa lugha uzito, na kumpitishia mtunzi ujumbe mbele ya macho ya askari jela. Swali likiuliza umuhimu wa jazanda, mtahiniwa asiishie kusema kwamba inapamba lugha. Aeleze pia kwamba mazingira ya utunzi yaliilazimisha.

Vifungu vya uchochezi vilivyomfunga Abdilatif viliondolewa katika sheria za Kenya mwaka wa 1997. Mlango huo ulifungwa, lakini mingine ilibaki.

Njia ya pili: kashfa

Mnamo Desemba 2019, King Kaka, msanii aliyekulia huku Eastlands, alitoa Wajinga Nyinyi. Kwa siku kadhaa mtu hangepanda matatu ya Outering bila kuusikia. Ni utenzi wa kughani zaidi kuliko wimbo wa kuimbwa, kwa Kiswahili na Sheng. Tofauti na nyimbo nyingi za siasa, lawama zake haziwaendei viongozi pekee. Nafsi-nenewa, wale wanaoitwa wajinga katika anwani, ni wapiga kura wenyewe wanaowarudisha mamlakani watu wanaowalalamikia kila siku. Hiyo ni kinaya ya kufunza: mdhulumiwa anaambiwa kwamba naye ameishika ncha moja ya kamba iliyomfunga.

Wimbo huo haukutumia mamba wala mnazi, bali ulitaja. Anne Waiguru, aliyekuwa Gavana wa Kirinyaga wakati huo, kupitia mawakili wake alidai aombwe radhi na wimbo uondolewe, akisema umemharibia sifa. Msanii alikataa hadharani. Makala haya hayaamui nani alikuwa na haki. Barua ya wakili ni dai, si hukumu, na mwanafunzi asijifunze kwetu kumhukumu mtu ambaye mahakama haijamhukumu.

Tunachoweza kueleza ni jinsi kashfa inavyofanya kazi. Kwanza, katika kesi ya aina hii anayeshtaki ni mtu binafsi anayelinda jina lake, si serikali. Awali kulikuwa pia na kosa la jinai la kashfa lililoweza kumpeleka mtu jela, lakini Mahakama Kuu ililibatilisha mwezi wa Februari 2017. Iliyobaki ni kesi ya madai, ambapo anayeshindwa hulipa fidia. Pili, mshtakiwa ana utetezi. Anaweza kuthibitisha kwamba alilosema ni kweli, au kwamba yalikuwa maoni ya haki kuhusu jambo linalouhusu umma. Tatu, na hili huwashangaza wengi, kutotaja jina si kinga kamili. Mahakama hujiuliza kama msikilizaji wa kawaida angetambua nani anayesemwa. Ukimwita mtu "fisi wa mtaa fulani mwenye gari la rangi fulani", jazanda yako imekwisha kuwa kitambulisho.

Njia ya tatu: chuki

Mfano wa tatu unatoka shuleni. Mwaka wa 2013, wasichana wa Butere walizuiwa kuiwasilisha tamthilia ya Kiingereza iitwayo Shackles of Doom, iliyotungwa na Cleophas Malala, katika fainali za kitaifa za tamasha la drama. Tamthilia hiyo inahusu jamii ambayo mafuta yanapatikana katika ardhi yake, kisha wageni wanakuja na kuufaidi utajiri huo huku wenyeji wakibaki watupu. Walioipinga walihofia kwamba ingechochea chuki za kikabila.

Okiya Omtatah alienda Mahakama Kuu, na Jaji David Majanja akaliondoa katazo hilo. Kwa maelezo yake, sanaa haipo kwa ajili ya kuiburudisha roho tu. Huamsha pia dhamiri ili watu wayatafakari maswali magumu ya wakati wao. Wasichana wakaigiza.

Miaka 12 baadaye, Aprili 2025, shule iyo hiyo iliingia tena katika mzozo kuhusu tamthilia ya Echoes of War. Mahakama iliagiza iruhusiwe, lakini mjini Nakuru polisi walirusha vitoa machozi, na wanafunzi wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza. Funzo ni kwamba kuishinda kesi na kulipata jukwaa si kitu kimoja.

Mpaka uko wapi?

Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinautaja uhuru wa ubunifu wa kisanaa waziwazi, sambamba na uhuru wa kujieleza. Kifungu hicho hicho kinaweka mipaka: propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki na utetezi wa chuki havilindwi, na kila mtu anatakiwa aheshimu haki na sifa za wengine. Kwa hiyo yule mtahiniwa wangu hakukosea kwamba uhuru upo. Alikosea kusema hauna mpaka, na alikosea kulijibu swali la fani kwa jibu la sheria.

Nami nilikuwa na kosa langu. Muhula uliotangulia, mwanafunzi huyo huyo alikuwa amelileta shairi kwa ajili ya jarida la shule. Lilihusu uwanja ambao watoto wa mtaa walikuwa wakichezea kandanda hadi ulipozungushiwa mabati. Katika ubeti wa pili alimtaja mtu kwa jina. Katika ubeti wa tano aliuliza nani alitia saini, na kwa nini wazazi hawakuitwa. Nililifuta jina, na ubeti wa tano nikauondoa wote. Akaniuliza kama shairi bado lilikuwa lake. Nilimjibu kwamba nafasi ilikuwa finyu.

Sasa naweza kueleza nilichokifanya. Kulifuta jina kulikuwa sahihi, kwa kuwa hakuwa na ushahidi, na kumwita mtu mwizi bila ushahidi ni kashfa hata kwa vina vya mtiririko. Ubeti wa tano, hata hivyo, haukumkashifu mtu wala haukumchukia mtu. Uliuliza swali kuhusu mali ya umma. Hakuna sheria iliyoukataza. Niliukataza mimi, kwa woga, kisha nikausingizia ukosefu wa nafasi. Katika toleo lililofuata tulilichapisha shairi upya likiwa na ubeti huo, na nilimwomba radhi mbele ya darasa.

Mwalimu mwenzangu, kabla ya kukata ubeti wa mwanafunzi, jiulize: Je, unamtuhumu mtu anayetambulika bila ushahidi? Je, unachochea watu wapigane au wachukiane? Kama jibu ni la, na bado mkono wako unaitafuta kalamu nyekundu, basi huenda unayemlinda ni wewe mwenyewe.

Maswali ya marudio

1. Eleza tofauti kati ya nafsi-neni na mtunzi, kisha ujadili kwa nini tofauti hiyo haitoshi kumkinga mtunzi mahakamani.
2. "Jazanda ni pambo na pia ni ngao." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea mazingira ya utunzi wa Sauti ya Dhiki.
3. Tunga shairi la beti nne la kupinga dhuluma katika mtaa wako. Tumia kejeli na maswali ya balagha, bila kumtuhumu mtu yeyote anayetambulika.