Yoga Yanyoosha Mgongo, Lakini Haibebi Shanta

Mwezi wa Aprili mwaka 1984, Rakesh Sharma, rubani wa Jeshi la Anga la India, alirushwa angani katika chombo cha Urusi ya Kisovieti, akakaa huko siku saba na ushei. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kufanya yoga, ili ijulikane kama mazoezi hayo yangemsaidia mwanadamu mahali ambapo mwili hauna uzito. Yafaa tukumbuke kwamba alikuwa askari, maana wapo wenzetu ambao wakisikia neno yoga hucheka na kusema ni mambo ya wasio na kazi.

Hebu tuitazame kazi yetu. Polisi wa barabarani husimama juu ya lami tangu alfajiri. Dereva wa lori hukaa kitini saa nyingi akitikiswa. Mlinzi wa lindo hubeba bunduki usiku kucha. Aghalabu hao wote huumwa kiuno, lakini hunong'onezana wao kwa wao tu, kwa kuogopa kuandikiwa kazi nyepesi. Mimi mwenyewe nilipokuwa kadeti nilificha maumivu ya namna hiyo miezi kadhaa, nikidhani huo ndio ushujaa.

Hapo ndipo yoga ina faida ya hakika. Mkao unaoshikwa polepole hulegeza nyonga na misuli ya nyuma ya mapaja iliyokakamaa, na huimarisha ile inayoshikilia uti wa mgongo. Mwaka 2017 mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya ndani wa Marekani uliitaja yoga miongoni mwa njia za kujaribiwa kabla ya dawa kwa maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Pumzi ya taratibu nayo hutuliza moyo. Mlenga shabaha hodari anaijua thamani yake.

Lakini asije mtu akaacha mchakamchaka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate kila wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani yanayopandisha mapigo ya moyo, pamoja na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Yoga ya utulivu haipandishi mapigo kiasi hicho. Wala haimfundishi mtu kupanda kilima na shanta mgongoni. Hilo hufunzwa kwa kubeba shanta, mzigo ukiongezwa kidogo kidogo.

Tena tuna desturi ya kushindana katika kila jambo, na katika yoga desturi hiyo huchana misuli. Kusimama kwa kichwa huilemea shingo na kuzidisha shinikizo ndani ya macho, hivyo mwenye glaukoma asithubutu.

Robo saa jioni, baada ya buti kuvuliwa, yatosha kwa kuanzia. Na yule ambaye maumivu yanashuka mguuni, au mguu unakufa ganzi, asitandike mkeka. Aende kwanza kwa daktari wa kikosi.