Aliyepandikizwa Figo Achunge Pia Mifupa

Mtu aliyepandikizwa figo hurudi nyumbani Kitale au Bungoma na mfuko wa dawa. Mara nyingi mojawapo ni predinisoloni, dawa ya aina ya steroidi inayotuliza kinga ya mwili isiishambulie figo mpya. Dawa hiyo hiyo hudhoofisha mifupa.

Kwa kawaida, mwili hubomoa mfupa uliochakaa na kujenga mwingine. Steroidi hupunguza ujenzi huo, huongeza ubomoaji na kufanya utumbo ufyonze kalisiamu kidogo kutoka kwa chakula. Mifupa hudhoofika zaidi katika mwaka wa kwanza, hasa miezi 6 ya mwanzo. Wagonjwa wengi pia huwa mifupa yao iliathirika mapema, figo zao zilipoanza kufeli.

Dalili huchelewa. Mgonjwa anaweza kuvunjika pingili ya uti wa mgongo kwa kuinua mtungi wa maji tu. Maumivu ya nyonga au kinena anapotembea yanaweza kuwa ishara kwamba sehemu ya juu ya mfupa wa paja haipati damu ya kutosha.

Maumivu yanapoanza, kuna makosa mawili ya kuepukwa. La kwanza ni kununua diklofenaki au ibuprofeni kwenye duka la dawa. Dawa hizo zinaweza kuharibu figo iliyopandikizwa. La pili ni kuacha predinisoloni ghafla. Mwili unaweza kuikataa figo, na mgonjwa akazidiwa. Ni daktari pekee anayepunguza kipimo.

Anayehudhuria kliniki katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, awaeleze wahudumu mapema. Asiye na nauli aanzie hospitali ya kaunti iliyo karibu, akibeba kijitabu cha kliniki na dawa zake zote.

Nyumbani, kutembea kila siku husaidia mifupa. Sigara na pombe huidhuru. Maziwa na mboga za kienyeji zina kalisiamu, lakini maziwa yachemshwe kwanza, kwa sababu kinga ya mgonjwa imepunguzwa na dawa. Vidonge vya kalisiamu na vitamini D vitumiwe kwa ushauri wa daktari baada ya damu kupimwa.

Familia nazo ziondoe vitu vya kumkwaza njiani na kuhakikisha choo cha usiku kina mwanga.