Lucas Radebe: Beki aliyeponea risasi na kuwa nguzo ya Leeds

WAPENZI wa kandanda huwakumbuka wafungaji wa mabao na kuwasahau walinzi. Lakini mjini Leeds, kaskazini mwa Uingereza, mmoja wa wanasoka wanaoenziwa mno ni beki kutoka Soweto ambaye hakufunga hata bao moja katika mechi 200 za ligi alizoichezea klabu hiyo. Huyo ni Lucas Radebe, raia wa Afrika Kusini aliyestaafu mwaka wa 2005.

Radebe alizaliwa Aprili 12, 1969 katika mtaa wa Diepkloof, Soweto, wakati utawala wa ubaguzi wa rangi ulikuwa umekita mizizi. Alipotimu umri wa miaka 15, wazazi wake walimpeleka Bophuthatswana ili kumwepusha na ghasia zilizokuwa zikiwaangamiza vijana wa mitaani. Huko ndiko alikoanza kusakata gozi kwa dhati, tena akiwa mlinda lango. Mwaka wa 1989 alijiunga na Kaizer Chiefs, mojawapo ya klabu zenye mashabiki wengi zaidi nchini humo. Alicheza kama kiungo kabla ya kupata makao katika safu ya ulinzi.

Nusura safari hiyo ikatizwe mwaka wa 1991. Akiwa ametumwa dukani na mamake, alipigwa risasi mgongoni na mtu asiyejulikana. Kwa bahati, risasi haikugusa uti wa mgongo wala viungo vingine muhimu. Kiini cha shambulizi hilo hakikujulikana, ingawa Radebe mwenyewe aliamini kwamba mtu alikodiwa ili kumzuia kuhamia klabu nyingine.

Mnamo Julai 1992, baada ya Afrika Kusini kurejeshwa katika soka ya kimataifa, Radebe alikuwa katika kikosi kilichoilaza Cameroon 1-0 mjini Durban.

Leeds United ilimnunua mwaka wa 1994 kwa pauni 250,000 pamoja na mwenzake, mshambulizi Philemon Masinga. Aliyetamaniwa zaidi na klabu hiyo wakati huo alikuwa Masinga. Radebe hakupata namba ya kudumu, alihamishwa kutoka nafasi moja hadi nyingine, kisha akapata jeraha baya la goti mwaka wa 1995. Alipona kwa wakati ufaao kushiriki fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 1996, ambapo Afrika Kusini iliilaza Tunisia 2-0 na kutwaa kombe hilo ikiwa mwenyeji.

Miezi miwili baadaye, uzoefu wake wa utotoni ulimfaa. Kipa wa Leeds, Mark Beeney, alionyeshwa kadi nyekundu ugani Old Trafford, na Radebe akavaa glavu. Aliwahangaisha washambulizi wa Manchester United hadi Roy Keane alipofunga bao la pekee.

Mambo yalibadilika George Graham alipotwaa mikoba ya ukufunzi mwaka huo wa 1996. Graham aliamini kwamba timu hujengwa kuanzia nyuma, na kwa Radebe alipata beki mwenye kasi, aliyesoma mchezo mapema na aliyeweza kumganda mshambulizi hatari dakika zote 90. Kufikia 1998 alikuwa nahodha. Chini ya David O'Leary, Leeds ilimaliza ya tatu ligini msimu wa 1999-2000 na kutinga nusu-fainali ya Kombe la UEFA. Mwaka wa 2000 FIFA ilimtuza Radebe kwa mchango wake katika vita dhidi ya ubaguzi wa rangi na kazi yake miongoni mwa watoto.

Aliiongoza Afrika Kusini katika Kombe la Dunia la 1998 na la 2002. Mnamo Juni 12, 2002, alifunga kwa kichwa dhidi ya Uhispania, lakini wakalazwa 3-2. Walikuwa na pointi sawa na Paraguay, tena tofauti sawa ya mabao. Walibanduliwa kwa sababu Paraguay ilikuwa imefunga mabao sita, nao matano.

Majeraha ya goti na kifundo cha mguu yalikuwa yamemnyima nusu-fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2001. Kisha Leeds ikalemewa na madeni, nyota wake wakauzwa mmoja baada ya mwingine, na mwaka wa 2004 ikateremshwa ngazi. Radebe hakuondoka. Alibaki hadi alipotundika daluga mwaka mmoja baadaye, akiwa ameichezea nchi yake mechi 70.

Akiba haiozi. Vijana watano wa Leeds walipounda bendi, waliiita Kaiser Chiefs kwa heshima ya klabu iliyomlea. Kwa beki chipukizi anayedhani sifa ni za wafungaji pekee, hilo ni jambo la kutafakari.