Wingi wa Kaa Si Afya ya Mikoko

Maji yakipwa katika Hori ya Mida, karibu na Watamu, kaa wadogo hujitokeza kwenye tope, kila dume na gando lake moja kubwa. Huokota tope, wakachuja mwani mdogo na bakteria, kisha hutema vidonge vya tope. Mashimo yao hupitisha hewa na maji ya bahari hadi kwenye mizizi. Kazi hiyo ni muhimu, kwani milimita chache tu chini ya uso wa tope oksijeni huwa imekwisha.

Majitaka huivuruga hali hiyo. Kinyesi na mabaki ya chakula huwalisha bakteria. Wakizidi, humaliza oksijeni iliyobaki. Tope hugeuka jeusi na kunuka mayai viza, dalili ya gesi ya salfidi ya hidrojeni, ambayo ni sumu kwa wanyama wengi.

Mwaka 2009, Stefano Cannicci na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha mikoko inayopokea majitaka, ikiwemo ya Mikindani, Mombasa, na mikoko isiyofikiwa na uchafu huo. Penye majitaka kaa walikuwa wengi zaidi, lakini tondo, konokono wakubwa wa mikokoni, walikuwa wamepungua mno. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo ulitazama mwenendo wa kaa wenye gando kubwa. Penye majitaka walishiba upesi, wakachakura tope kidogo, na muda uliobaki wakatafuta wenza na kugombania maeneo. Msitu wa namna hiyo huweza kuonekana umejaa uhai ilhali udongo wake hauhudumiwi ipasavyo. Huo ni uharibifu uliojificha.

Jambo hili linatugusa sisi wa Kaunti ya Kilifi. Miji yetu inakua haraka, na nyumba nyingi za Malindi, Kilifi na Mtwapa hutegemea mashimo ya vyoo na matangi ya septiki. Mwamba wa matumbawe tuliojenga juu yake una vitundu vingi, na kinachovuja huweza kufika baharini. Mto Sabaki nao huleta uchafu kutoka mbali, hata Nairobi.

Kwa hiyo anayekagua hori zetu asitosheke na wingi wa kaa. Aangalie tondo kama wapo, vidonge vya tope, rangi ya udongo na harufu yake. Nasi tusiitwike mikoko mzigo wa kutusafishia maji: majitaka yasafishwe kabla hayajafika mikokoni, wakati kaa na tondo bado wanaweza kuutunza msitu unaotupa samaki na kuikinga pwani yetu.