Aina za mihuri katika sarafu za Tabora za 1916

Sarafu za Tabora ni sarafu za dharura zilizofuliwa mjini Tabora mwaka 1916 na serikali ya koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Sarafu mbili zenye thamani na mwaka uleule zinaweza kuwa zimetoka kwenye mihuri tofauti, na tofauti hizo zinaonekana kwa lenzi ya kawaida ya mkono.

Historia

Kabla ya vita sarafu za koloni zililetwa kutoka Ujerumani, zikiwa na herufi A (Berlin) au J (Hamburg). Tangu 1904 rupia moja ilikuwa na heller 100. Manowari za Uingereza zilipofunga pwani, fedha mpya hazikufika, na karakana ya reli mjini Tabora ikapewa kazi ya kufua heller 5, heller 20 na rupia 15 za dhahabu, zote zikiwa na herufi T. Dhahabu ilitoka Sekenke, leo mkoani Singida. Majeshi ya Ubelgiji yaliingia Tabora Septemba 1916.

Kutambua muhuri

Muhuri ni kipande cha chuma kigumu kilichochongwa picha kinyume. Sarafu hubanwa kati ya mihuri miwili, mmoja kwa kila uso. Mihuri ya Tabora ilichongwa kwa mkono, hivyo haikufanana kabisa. Kwenye heller 20 taji ni kubwa au dogo. Uso wa pili hutambulika kwa herufi mbili za L katika neno HELLER: ncha zote zimechongoka, zote zimejikunja, au iliyojikunja ni ya L ya pili peke yake. Heller 20 zilifuliwa kwa shaba nyekundu na kwa shaba ya njano, lakini rangi haitambulishi muhuri.

Rupia 15 ina tembo upande mmoja na tai upande mwingine. Kwenye uso wa tai, nakshi ya kulia huishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, au chini ya A yake ya kwanza.

Hatua za muhuri

Muhuri mmoja nao hubadilika kadiri unavyotumika. Ukipasuka, metali huingia kwenye ufa, na sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Mkwaruzo uliopatikana baadaye, mfukoni au sokoni, huwa umezama. Ufa haupungui: sarafu yenye ufa mfupi ilifuliwa kabla ya ile yenye ufa uleule uliorefuka. Kusugua sarafu kwa mchanga kunafuta ushahidi huu, pamoja na ncha za L.

Chapa maradufu

Katika viwanda vikubwa muhuri hukandamizwa kwa muhuri mama, na zamani mara nyingi ulikandamizwa zaidi ya mara moja. Ukisogea kidogo kati ya mikandamizo, maandishi huwa mawili, na kila sarafu ya muhuri huo huyarithi. Mfano maarufu ni senti moja ya Marekani ya 1955, iliyofuliwa Philadelphia. Hali hii huchanganywa na mtikisiko wa mashine wakati wa kufua, ambao huacha ukingo bapa kando ya herufi na hutofautiana kutoka sarafu moja hadi nyingine. Herufi zikionekana mbilimbili kwenye sarafu ya Tabora, mtikisiko ndio wa kushukiwa kwanza, mpaka sarafu nyingine ya muhuri uleule ionyeshe alama hiyohiyo mahali palepale.