Baba alipokuta samaki wa kwetu Chicago

Mwezi huu ukurasa wa familia unatembea mbali kidogo, mpaka Chicago, jiji kubwa la Marekani. Chicago haina bahari. Kutoka pale mpaka pwani ya Atlantiki ni zaidi ya kilomita 1,000. Ina ziwa tu, Michigan, ambalo maji yake hayana chumvi. Lakini kando ya ziwa hilo kuna nyumba ambamo papa, kasa na samaki wa baharini wanaogelea nyuma ya vioo. Nyumba ya namna hiyo huitwa akwariamu, na hii jina lake ni Shedd.

Mtauliza, maji ya bahari yalifikaje huko? Shedd ilifunguliwa mwaka 1930, na maji yaliletwa kwa treni. Mabehewa 20 ya matangi yalikwenda mpaka Key West, kusini kabisa mwa Florida, yakajazwa maji ya bahari na kurudi, safari 8. Jumla yake ni karibu lita milioni 3.8. Sisi tunaopanga madumu bombani tangu alfajiri, hebu tuhesabu: dumu moja lita 20, basi ni madumu 190,000!

Siku hizi hawasafirishi tena. Wanachukua maji ya kawaida, wanatia chumvi maalum, wanapima. Tena maji lazima yazunguke kwenye machujio, kwa sababu uchafu wa samaki hutoa sumu inayoitwa amonia. Ndani ya machujio wanaishi bakteria wanaoigeuza sumu hiyo isiwaue samaki. Kumbe si bakteria wote ni adui.

Sasa habari yenyewe. Kuna familia tuliyokuwa jirani nayo hapa kambini, ikaondoka mwaka 2016 kwenda Chicago. Mama wa familia hiyo alinisimulia kwa simu, akaniruhusu niandike bila kutaja majina.

Baba yao alikuwa mvuvi wa Baraka, kule Fizi. Hapa kambini miaka mingi hakugusa wavu. Watoto wote watatu walizaliwa hapa, ziwa hawakuliona. Walipofika Chicago baba alipata kazi ya usiku ya kufua mashuka. Watoto wakashika Kiingereza upesi. Wao ndio wakawa wanasoma barua, wao ndio wanaongea na daktari. Kidogo kidogo wakaanza kumjibu: “Baba, wewe hujui.” Mama anasema mume wake alinyamaza. Anakula, analala, anaenda kazini, basi.

Mwaka 2018 kulikuwa na siku ambayo wakazi wa jimbo lile waliingia Shedd bila kulipa. Walikwenda wote. Baba alipita mbele ya papa na kasa bila kusema neno. Walipofika kwenye samaki wa maziwa ya Afrika, akasimama. Akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

“Hawa samaki ni ya kwetu,” akasema.

Akaanza kufundisha. Yule mwenye mistari myeusi na nundu kwenye paji, jike lake hubeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe. Wale wadogo hukaa ndani ya makombe ya konokono, ndiyo nyumba yao. Akaeleza jinsi ndagala wanavyovuliwa usiku kwa taa, kwa kuwa mwanga huwavuta juu, na kwa nini wavuvi hupumzika mwezi ukiwa mpevu: taa haishindi mwezi. Wageni wengine wakasimama kusikiliza. Mmoja akauliza swali. Mtoto mkubwa, yule yule wa “wewe hujui”, ndiye aliyetafsiri maneno ya baba yake, moja baada ya jingine.

Mama hakuniambia kwamba kila kitu kilinyooka siku ile. Kazi ya usiku iliendelea, na barua bado watoto ndio walizisoma. Lakini Jumapili iliyofuata mtoto mkubwa alileta uzi, akamwomba baba amfundishe kufuma wavu.

Nimeandika habari hii kwa sababu yetu sisi tuliobaki. Darasani kwangu tulikuwa tunasoma somo la samaki na jinsi wanavyopumua. Nikauliza nani ameona samaki hai. Katika wanafunzi 63, mikono ilinyooshwa minne. Wengine wanamjua ndagala mkavu wa sokoni tu. Na wazazi wao wametoka Baraka, Uvira, Rumonge, Nyanza-Lac!

Mimi mwalimu naweza kuwaambia kwamba Tanganyika ina urefu wa kilomita kama 670 na kina cha mita 1,470, kwamba ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi, na kwamba samaki wake wengi hawapatikani ziwa jingine lolote. Hayo yamo kitabuni. Lakini namna ya kujua upepo utageuka, au jina la kila samaki kwa lugha ya nyumbani, kitabu changu hakina. Mnayo ninyi.

Wazazi wengine husema, “Nitawafundisha tukirudi.” Siku ya kurudi hatuijui, na mtoto hangoji, anakua. Mkulima wa mpunga, fundi wa mitumbwi, mama aliyekausha ndagala mchangani, kila mmoja ana somo lake.

Kazi ya familia mwezi huu: jioni moja, kabla ya kulala, kila mtoto amwulize mzazi, bibi au babu, “Kule nyumbani ulikuwa unafanya kazi gani, na ulifanyaje?” Aandike au achore. Wasio na mzazi waulize jirani mzee. Leteni karatasi zenu shuleni Ijumaa ya mwisho wa mwezi, tutazibandika ukutani wote tusome.