Mikono Ikipata Kazi, Moyo Unapumua



Juma hili tunataka kuzungumza juu ya kitu kidogo: kile kikapu cha nyuzi kinachokaa karibu na mafiga. Katika nyumba nyingi za Yahuma utakikuta. Pondu iko motoni, na kila mmoja wetu anajua kwamba pondu haiharakishwi. Mtoto wa darasa la pili anasoma kwa sauti, mdogo wake analia kwa sababu amenyang'anywa kijiko. Mama anachukua kroshe yake, anafuma mistari miwili, anaamka kukoroga sufuria, anarudi kuketi. Mistari miwili si kitu. Lakini mmoja wetu alipoulizwa kwa nini haachi kazi hiyo hata akichoka, alijibu: "Kwa siku nzima ya leo, ni hii tu iliyokwenda mbele."

Jibu hilo lilitufikirisha. Kazi zetu nyingi za nyumbani hazina mwisho. Sahani tulizoosha asubuhi zinachafuka mchana. Maji tuliyochota yanakwisha. Majani tuliyong'oa shambani yanaota tena mvua ikinyesha. Na sisi tunaofundisha, tukimaliza kusahihisha madaftari leo, kesho yako mezani tena. Lakini mstari uliofumwa haufutiki. Usiku unaweza kuupima kwa vidole na kusema: jana ilikuwa hapa, leo imefika hapa. Haba na haba, walisema wazee, hujaza kibaba. Kwa mtu aliyechoka, kuona kwa macho yake kwamba kitu kimeongezeka ni faraja kubwa.

Tena faraja hiyo si ya siku nzuri tu. Baadhi yetu tulikuwa watoto Kisangani mwaka 2000, tarehe 5 hadi 10 Juni, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji wetu, vita ambavyo watu wote wanaviita Vita vya Siku Sita. Tulilala chini, magodoro yakiwa yameegemezwa ukutani. Hakuna aliyetoka kutafuta chakula. Tunamkumbuka mama mmoja aliyekuwa amejificha pamoja nasi. Alikuwa na kroshe iliyochongwa kutoka waya wa gurudumu la velo, na uzi alioufumua kutoka triko ya zamani. Alifuma gizani, kwa kupapasa tu. Bomu likilia anasimama, kikitulia anaendelea. Sisi watoto tuliangalia vile vidole. Vilipokuwa vikienda, tulijua kwamba mtu mkubwa bado ana nguvu, nasi tukaweza kupumua. Yule mama hakutueleza lolote juu ya ushujaa. Alikuwa anafuma soksi.

Watu wengine wa nchi yetu wanajua jambo hili tangu zamani. Kule Kasai, kwa Wakuba, wanaume hufuma kitambaa cha rafia, kisha wanawake hukitarizi kwa sindano, na kitambaa kimoja kizuri kinaweza kumshika mama kwa miezi mingi. Vitambaa hivyo leo viko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Lakini kwa wenyewe, heshima yake kubwa ilikuwa kumsindikiza marehemu: vile vilivyo bora vilizikwa pamoja naye. Basi kazi ya mikono ilikuwa pia njia ya kubeba msiba. Uliyempenda unampa kitu ambacho hakiwezi kufanywa kwa siku moja.

Hapa tuna jambo la kusema kwa uangalifu, na mwenyewe ametupa ruhusa bila jina lake kuandikwa. Mmoja wa umoja wetu alipoteza mimba ikiwa na miezi saba. Alikuwa amekwisha kufuma kofia na viatu vidogo. Sisi, kwa upendo wetu, tulifanya kosa. Juma la tatu tulimwendea na uzi mpya na kroshe, tukamwambia, "Dada, fuma, utasahau." Aliuweka uzi chini na hakurudi kwetu kwa miezi miwili. Baadaye alitueleza: kila tundu alilolifunga lilimrudisha kwenye kile kichwa kidogo ambacho hakikuvaa kofia. Uzi ulimuuma.

Aliyemsaidia ni koko mmoja jirani, ambaye hakuzungumza juu ya faraja hata kidogo. Alimwita tu: "Mwanangu, njoo unishikie kekele hii, macho yangu hayaoni vizuri." Kekele mnaijua. Ni kamba ngumu ya msituni, yenye ganda la miiba. Inakatwa, inavuliwa ganda, inapasuliwa kwa kisu, inakwanguliwa mpaka iwe laini, inalowekwa ili ikubali kupinda. Ni kazi ya nguvu. Haifanani na nguo ya mtoto. Dada yetu alishika, akavuta, akajikata kidole, akavuta tena. Walifanya hivyo siku nyingi bila maneno mengi. Siku kitako cha kikapu cha kwanza kilipokamilika, kilikuwa kimeinama upande mmoja, naye alicheka. Koko akacheka pia. Baada ya kucheka, akalia, na koko akaendelea kukwangua kekele kando yake bila kumharakisha.

Ile kofia bado imo sandukuni mwake. Hatumuulizi. Kile kikapu kilichoinama anabebea mihogo.

Tumejifunza mambo mawili. La kwanza: kazi ya mikono si dawa ya kumwandikia mtu kama tembe. Mmoja anafarijiwa na uzi, mwingine na kekele, mwingine na ufinyanzi au ufagio wa njiti za mchikichi. La pili: nusu ya faraja iko mikononi, na nusu nyingine iko kwa yule anayeketi kando yako. Macho yakiwa kwenye kazi, mdomo unaweza kusema yale ambayo hayasemeki watu wakitazamana usoni.

Wababa wengine wanauliza: "Mnacheza na nyuzi, na chakula kiko wapi?" Baba, chakula kiko motoni, ndiyo maana tumeketi. Nawe tunakuona pale chini ya mti ukishona wavu wako. Wavu umekwisha kupona, lakini wewe hujaondoka. Tunajua unatafuta nini pale, nasi hatukukatazi. Tunaomba tu saa moja kwa juma ambayo mtoto akilia, atalilia kwako.

Wengine wanauliza juu ya franga. Ndiyo, vikapu vinauzwa, na vingine vinafika hadi Kisangani kwa mtumbwi. Kuuza ni vizuri; karo na sabuni havitoki mbinguni. Lakini mwaka jana tulikubali kazi ya haraka ya mteja mmoja, tukafuma usiku kwa taa hafifu, tukagombana juu ya nani amechelewa, na vidole vikauma. Pesa tulipata, faraja tuliikosa. Tangu hapo tumepatana: uza unachotaka, lakini uwe na kazi moja isiyo ya soko, isiyo na tarehe.

Kwa mama mwenye watoto wadogo, shauri letu ni kuchagua kazi inayokubali kukatizwa. Wanawake wa Unguja na Pemba husuka ukili, utepe mrefu wa majani ya mnyaa, huku wakizungumza na kuangalia watoto. Ukitosha, ndipo wanaushona kuwa mkeka. Utepe unaweza kuuacha popote na kuuanza popote. Kroshe nayo ni hivyo: tundu moja tu ndilo liko wazi, livute liwe kubwa, nenda kamwoshe mtoto. Lakini kekele iliyolowekwa haikungojei, inakauka. Hiyo ifanye siku uliyo na msaidizi. Na wavulana wafundishwe pia. Darasani tumeona mtoto mwenye fujo, asiyeweza kuketi dakika tano, akitulia nusu saa nzima akiwa na njiti za kusuka.

Jumatano baada ya masomo tutaketi kama kawaida. Usiseme huna vifaa. Leta triko iliyochakaa tuifumue pamoja. Waya wa velo upo. Usiseme hujui, kitako cha kwanza cha kila mmoja wetu kiliinama. Na kama una jirani ambaye siku hizi hatoki nyumbani, usimwambie aje kufarijiwa. Mwambie tu unahitaji mtu wa kukushikia uzi.